Maharagwe bila makala

Mei 2020, kwenye chumba kimoja cha kupanga huko Katwe, Kampala, wakati wa karantini ya korona, nilimkabidhi mama mkimbizi wa Kikongo mfuko wa kilo tatu za maharagwe. Akaupimapima kwa mkono mmoja kama mnunuzi wa kuku, kisha akauliza: "Na makala?"

Kiswahili changu ni cha pwani. Nilidhani kaambiwa kwamba naandika magazetini. Nikaona fahari kidogo, nikamjibu kuwa makala itatoka wiki ijayo. Akanitazama kwa huruma. "Sasa mpaka wiki ijayo hii maharagi nitaipika na nini?" Kijana niliyefuatana naye, mzaliwa wa Bukavu, alicheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni. Kwa watu wa Kivu, mashariki ya Kongo, makala ni mkaa.

Hakuwa na mkaa hata kipande. Maharagwe makavu hukaa jikoni saa mbili au tatu, na pesa ya mkaa wa kuivisha chungu kimoja hakuwa ameishika tangu mwisho wa Machi. Alichofanya nilikuja kukijua baadaye. Alimmegea jirani yake, Mganda, sehemu ya maharagwe, jirani akatoa mkaa, chungu kikawa kimoja na watoto wa nyumba mbili wakala pamoja. Sisi wenye orodha, risiti na simu ya kupigia picha hatukuwa tumeufikiria mkaa. Wao walilimaliza jambo hilo mlangoni kabla bodaboda yetu haijafika kona.

Huwa nasoma sifa wanazomiminiwa waliojitolea kupeleka chakula kwa wakimbizi wakati wa korona. Wanazistahili, lakini zinanikera, na imenichukua muda kujua kwa nini. Zinamkuza mbeba mfuko mpaka swali linafichika nyuma yake: katika mji wenye wizara, mashirika ya Umoja wa Mataifa na maghala, ilikuwaje mkimbizi akategemea kijana wa Bukavu, dereva wa bodaboda na mwandishi asiyejua maana ya makala? Chakula kilikuwepo. Nilikiona kikipita kwenye malori. Kilichokosekana ni jina la mtu kwenye karatasi, na kazi yetu ya kujitolea, kwa kweli, ilikuwa kuandika karatasi nyingine.

Turudi nyuma kidogo. Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 21 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha usafiri wa umma ulikuwa umesimamishwa, bodaboda zimekatazwa kubeba abiria, magari binafsi yameegeshwa, na kafyu imewekwa kuanzia saa moja jioni. Mapokezi ya wakimbizi wapya nayo yalisitishwa. Masoko ya chakula yaliachwa wazi kwa sharti kwamba wauzaji walale humohumo, wengi wao akina mama waliofunga vyandarua juu ya meza zao za nyanya. Biashara nyingine nyingi zikafungwa.

Sasa mfikirie mwanamke wa Kikongo wa Kampala. Wengi wao hutembeza vitenge. Asubuhi anachukua vipande kadhaa kwa mali kauli, anavipanga begani na kichwani, anazunguka ofisini, saluni na gereji mpaka jioni, kisha anarudisha mtaji wa mwenye mali na kubaki na chake. Duka lake ni miguu yake. Kitenge si chakula, kwa hiyo sokoni hana ruhusa, na barabarani hakuna wa kumuuzia hata angethubutu kutoka. Mapato yake yalikatika siku moja, lakini kodi ya chumba iliendelea kuhesabiwa. (Waganda huita vyumba hivyo vya kupanga "mizigo", na sijawahi kukutana na neno la Kiganda lililomgusa Mswahili vizuri kuliko hilo.)

Uganda wakati huo ilikuwa na wakimbizi takriban milioni 1.4, na kati yao kama 80,000 walikuwa wameandikishwa Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi, jambo ambalo mkimbizi wa Kenya au Tanzania analisikia kama hadithi. Uganda husifiwa kwa hilo na inastahili. Lakini sheria hiyo ina utaratibu usioandikwa kwa herufi kubwa: msaada unapatikana kwenye makazi ya wakimbizi kule vijijini, Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na kwingineko. Ukiamua kuishi mjini, umeamua kujitegemea. Serikali inakupa barabara, wewe unajipa ugali.

Mkataba huo unakwenda vizuri mradi barabara ipo. Machi 2020 barabara ilifungwa, kwa sababu nzuri ya kiafya ambayo sina ugomvi nayo. Ila upande mmoja ulipoondoa ulichokuwa ukitoa, upande wa pili uliachwa na sharti lake vilevile. Mkimbizi aliendelea kutakiwa ajitegemee kwa shughuli ambazo zilikuwa zimepigwa marufuku.

Tarehe 4 Aprili serikali ilianza kugawa chakula Kampala na Wakiso kwa watu milioni 1.5 waliokadiriwa kuwa hohehahe wa karantini: kila mtu kilo sita za unga wa mahindi na kilo tatu za maharagwe. Kwa mtu mzima anayekula nusu kilo ya unga kwa siku, hizo ni siku 12. Marufuku zilidumu zaidi ya hapo: bodaboda, kwa mfano, ziliruhusiwa kubeba abiria tena mwishoni mwa Julai. Lakini hata siku hizo 12 wakimbizi wengi hawakuzipata. Mgawo ulipitia viongozi wa mitaa, na kiongozi wa mtaa anamjua mtu kwa ukazi wake, kura yake na kitambulisho chake cha taifa. Kwenye mtaa mmoja nilisimama karibu na meza ya mgawo nikasikia jibu alilopewa baba mmoja mwenye kadi ya mkimbizi mkononi: "Ninyi UN inawalisha." Halikutoka kwa chuki. Nadhani mwenyekiti yule aliamini anachosema, na alikuwa na raia zake wengi wasiopata pia.

UN nayo ilikuwa na hesabu zake. Mwezi huohuo wa Aprili, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha za kutosha. Kwa wale wanaopewa pesa badala ya nafaka, shilingi 31,000 za mwezi kwa mtu mmoja ziliteremka hadi 22,000. Na hao ni wa makazini, wenye haki ya kupewa. Wa mjini hawakuwa na cha kupunguziwa. Kulikuwa na ushauri uliosikika sana siku zile, kwamba anayeshindwa na maisha ya mjini aende makazini. Kwa gari gani, hakuna aliyefafanua. Nilizijua familia zilizokuwa na kadi za Nakivale na zikiishi Kampala, ambazo kila mwezi zilimtuma mtu mmoja kwa basi akachukue mgawo. Mabasi yaliposimama, kadi zikabaki kwenye mifuko ya plastiki juu ya kabati.

Kujitolea kulianza hapo, na kulianza kwa siri.

Nje ya Uganda wengi hawajui kwamba kugawa chakula kulikuwa na hatari yake. Tarehe 30 Machi Rais Museveni aliwaonya wanasiasa kwamba atakayegawa chakula atashtakiwa kwa kujaribu kuua, kwa maana atakusanya umati na umati utaambukizana. Tarehe 19 Aprili, Francis Zaake, mbunge wa Mityana, alikamatwa baada ya kugawa chakula kwa watu wake. Alitoka mikononi mwa polisi akiwa hospitalini, akisema ameteswa, na Agosti mashtaka yakafutwa. Sisi hatukuwa wanasiasa. Lakini askari mgambo wa LDU, vikosi vya ulinzi wa mitaa, mwenye fimbo kwenye njia panda hajasoma hotuba yote. Anachokiona ni bodaboda yenye magunia.

Woga wa umati ulikuwa na msingi. Nimeona lori likisimama na watu 200 wakilizunguka bila hata mmoja aliyekumbuka mita mbili. Tulichojifunza ni kwamba tiba ya umati ni mlango: usiite watu, wafuate. Tulinunua unga Kisenyi, kwenye vinu vya mahindi, ambako vumbi jeupe hukaa kwenye kope za wabebaji mpaka wanafanana na wazee. Tuliupima upya kwenye mifuko ya kilo tano. Bodaboda ilikuwa na ruhusa ya kubeba mizigo mpaka saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tulitoka saa mbili asubuhi, nyumba kumi na tano, ishirini ikiwa siku ni njema. Pesa zilikuja kwa simu kutoka kwa ndugu walioko Marekani na Ulaya, dola 50 hapa, euro 20 pale, na nyingine zilichangwa na wakimbizi wa Kampala wenyewe, waliokuwa bado na kazi. Hiyo sehemu ya mwisho haimo katika picha zilizosambaa.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo ndilo lililoniingiza kwenye kazi hii bila sifa nyingine yoyote. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini katika Kampala ya kawaida bado kinanuka kambi ya jeshi. Kwa vizazi vya Waganda, aliyebisha mlango akizungumza Kiswahili alikuwa askari, na zama za Idi Amin ziliupiga msumari woga huo. Mkongo wa mashariki naye, Kiswahili ni mama yake na soko lake. Basi asubuhi moja pale Nsambya nilibisha mlango nikasema "Hodi, wenyewe", na nyumba nzima ikanyamaza, mpaka redio ikazimwa. Jirani wa Kiganda alikuwa amechungulia, akaona barakoa, akasikia Kiswahili, akawatilia ishara wasifungue. Kijana wa Bukavu akaita kwa sauti ya kwao, "Mama, njo sisi, batu ya bunga", na kicheko kikatoka ndani kabla ya kufuli. Dakika ishirini baadaye, kwenye njia panda, Kiswahili changu kile kile cha shule kilimlainisha mgambo aliyetaka kujua unga ni wa chama gani. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha kuongea na fimbo, mwenzangu alikuwa na cha kufungua mlango. Kazi yote ilisimama juu ya cha kwake.

Kuna neno ambalo wenye mashirika wanalipenda: "wanufaika". Ukimwita mtu mnufaika umemkalisha chini na kumweka mikono wazi. Lakini orodha yetu iliandikwa na watu ambao kwenye karatasi za mashirika wanaitwa wanufaika. Kijana wa Bukavu mwenyewe alikuwa mkimbizi mwenye kodi ya miezi miwili juu ya kichwa chake, na alikuwa anajua nani kajifungua, nani mume wake amekwama mpakani, na mzee gani hatasema ana njaa hata akizimia. Kampala ina vikundi vingi vya namna hiyo vilivyoundwa na wakimbizi wenyewe. YARID, kilichoanzishwa na vijana wa Kikongo mwaka 2007 kwa masomo ya Kiingereza na michezo, ni kimojawapo kinachojulikana, nacho mwaka ule kiligeuka mgawaji wa chakula na sabuni. Vingine havina hata bango. Vilifika kwenye milango wakati wenye magari meupe, yaani watu wa mashirika makubwa, wamezuiwa nyumbani na taratibu zao za usalama.

Wenye magari meupe wana hoja yao, na ningekuwa mnafiki kuiruka. Wanasema vikundi vya wakimbizi havina mahesabu yaliyokaguliwa, na kwamba kila mmoja huorodhesha wa kwao. Hilo la pili nimelifanya mimi. Orodha yetu ya kwanza ilikuwa na familia 60, na tulijivuna nayo mpaka dada mmoja alipoipitia na kuuliza: "Hawa wote si wa kanisa moja?" Walikuwa wa kanisa moja. Tulianzia kwa mtu mmoja, naye akatupa majina ya wenzake wa kwaya, na wenzake wakatupa ya wenzao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mashariki ya Kongo kuna watu waliokimbia vita ileile kutoka pande zake tofauti, na Kampala wanapanga mtaa mmoja bila kusalimiana. Mtu hawezi kukuandikia jina la jirani asiyemsalimu. Orodha ya pili tuliifanya kwa kutumia watu watatu wasiopatana, kila mmoja akiandika kwake, kisha tukazilinganisha. Ilichukua siku nne. Wakati huo unga ulikaa.

Kosa jingine lilikuwa baya zaidi, na halikuhusu kabila wala kanisa. Tulikuwa tunapiga simu kabla ya kufika, ili watu wasitoke nje. Maana yake asiye na simu hakuwemo. Juni tulimkuta mama mwenye watoto wanne nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumeifikia mara mbili. Mlango wake ulitazama ukuta wa pili, na simu alikuwa ameiuza mwezi wa Aprili ili ale. Tulipita mita sita kutoka kwake tukiwa na mifuko begani. Alituona. Nilipomuuliza kwa nini hakutuita, alisema: "Mulikuwa na karatasi. Nikajua jina yangu haiko."

Ndiyo maana simuoni mwenyekiti yule wa mtaa kuwa mtu tofauti sana nami. Yeye alikuwa na orodha ya kura, mimi ya simu. Tofauti ni kwamba mimi, nikikosea, naweza kusema nilikuwa najitolea tu, na watu watanisamehe na kunishukuru juu yake. Hapo ndipo kujitolea kunapokuwa kitanda laini kwa wenye wajibu. Mtu wa kujitolea hadaiwi. Mama wa nyuma ya nyumba hana ofisi ya kunishtaki wala fomu ya kukatia rufaa. Alikuwa na haki ya kulindwa na nchi iliyompokea pamoja na jumuiya ya kimataifa iliyotia saini mikataba. Badala yake alipata ukarimu wangu, nao ulitegemea kama siku hiyo nina pesa na kama nimeona mlango wake.

Tena huyo wa kujitolea ni nani? Mimi nilikuwa na mshahara. Kijana wa Bukavu alijitolea akiwa na njaa, akijinunulia muda wa maongezi kwa pesa ya kukopa, na jioni alikuwa harudi na mfuko wa kwake kwa kuogopa maneno ya watu. Mwaka 2016 mjini Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidiana kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itapelekwa kwa asasi za nchini kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika pamoja na korona, na zilizokwenda moja kwa moja zilikuwa mbali kabisa na robo. Vikundi vya wakimbizi vilipata vyeti vya shukrani na mialiko ya mikutano ya mtandaoni. Mikutano yenyewe ilikula bando. Nimemwona mtu akichagua kati ya kununua bando ili azungumze kuhusu njaa kwenye mkutano wa Geneva na kununua mkate, akanunua bando, kwa sababu aliambiwa huenda kukawa na ruzuku.

Waliopata ruzuku walikuwa wachache. Mwaka huohuo baadhi ya familia za wakimbizi wa Kampala zilianza kutumiwa pesa kwa simu na mashirika, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa njia bora kuliko mifuko yetu yote. Pesa inanunua mkaa. Pesa haiambiwi "piga picha ukiwa umeshika". Nilichukia zile picha kuliko chochote kingine: mtu amekimbia watu wenye bunduki wanaomtafuta kwa jina na sura, nawe unamwomba ainue mfuko na atazame kamera ili mchangiaji wa mbali alale usingizi. Mwishowe tulipiga picha za mikono tu. Mchangiaji mmoja alilalamika kwamba mikono inafanana.

Juni 2021 wimbi la pili lilileta karantini nyingine, ya siku 42. Safari hii serikali haikuleta malori. Ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa watu takriban 500,000 walioathirika mijini, utaratibu safi zaidi usiokusanya umati. Ili uingie ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Mkimbizi hana namba hiyo, na laini za simu za wakimbizi wengi ninaowafahamu zimesajiliwa kwa jina la rafiki Mganda.

Siku chache baadaye simu yangu iliita. Alikuwa mama wa Katwe, yule wa maharagwe. Aliniuliza habari za nyumbani, watoto, wazazi, kama ilivyo kwao, mpaka nikaanza kuhesabu muda wake wa maongezi. Kisha akasema kwenye mizigo yao kuna familia mpya kutoka Ituri, hukohuko mashariki ya Kongo, watu saba, haimo kwenye orodha ya mtu yeyote, na yeye na jirani yake Mganda wameshawapa chungu. Nikamwambia tutaleta unga na maharagwe Alhamisi.

"Maharagi tuko nayo," akasema. "Leta makala."